Waterloo iliyokwisha kabla Waprussia hawajafika

Mchezaji aliyeshika jeshi la Prussia alifika klabuni kabla yetu sote. Alisukuma visanduku vyake viwili chini ya meza, akavuta kiti, akakaa kusubiri. Alisubiri saa tatu na dakika ishirini. Wakati wake ulipofika, askari wake walitoka msituni, wakapigwa raundi tatu mfululizo, na haikutimia saa moja alikuwa anawarudisha sandukuni, kibao kimoja kimoja, bila kusema neno. Upande wa pili wa meza wenzake walikuwa bado wanarusha dadu. Yeye alifunga vifuniko, akaaga kwa upole uliopita kiasi, akaenda zake.

Lilikuwa pambano la mezani, la askari wadogo waliopakwa rangi na dadu, la kuigiza Waterloo: vita ya mwaka 1815 ambamo Napoleon wa Ufaransa alipigana na Wellington, Waprussia wakaja jioni kumsaidia Wellington, na Napoleon akashindwa. Mpango wa pambano lile niliuandika mimi, na refa nilikuwa mimi. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa niliamini kwamba mwenye kosa ni mtu mwingine.

Meza ilivyokuwa

Tulikuwa wachezaji watano na refa: wawili Ufaransa, wawili kwa Wellington, mmoja Prussia. Meza ilikuwa mita 2 kwa 1.2. Sentimita moja ilihesabiwa mita 25 za ardhi, kwa hiyo meza nzima ilikuwa kilomita 5 kwa 3. Hapo Waterloo inaenea vizuri: ngome ya shamba la Hougoumont magharibi, La Haye Sainte katikati, Papelotte mashariki, na kijiji cha Plancenoit kwenye kona ya kusini-mashariki. Askari walikuwa wale wa milimita 6, ishirini na nne juu ya kila kibao, na kibao kimoja kilisimama badala ya brigedi ya watu kama 2,000. Brigedi za Prussia ni jambo jingine. Zilikuwa kubwa kama divisheni za wenzao, kwa hiyo kila moja hubeba vibao vitatu. Anayepanga meza ya mwaka 1815 kwa mara ya kwanza hujikwaa hapo, akajikuta na Waprussia wachache hata ukatamani kuwahurumia.

Raundi moja ilikuwa nusu saa ya siku ile. Tulianza saa 5:30 asubuhi, saa ambayo masimulizi mengi huitaja kwa milio ya kwanza ya mizinga, na tulipaswa kumaliza saa 3 usiku giza likishika: raundi 19. Askari wa miguu walikwenda sentimita 20 kwa raundi. Bunduki zilifika sentimita 4, mizinga mizito 36.

Na kwenye karatasi ya kila mchezaji, kwa herufi nzito, niliandika hivi: kori ya Bülow inaingia ukingo wa mashariki raundi ya 11. (Kori ni kundi la brigedi kadhaa; hii ya jenerali Bülow ndiyo iliyotangulia mbele ya Waprussia.) Ukihesabu nusu saa moja moja kutoka saa 5:30, raundi ya 11 inaanza saa 10:30 jioni, wakati uleule ambao Waprussia wa kweli walianza kutoka kwenye msitu uitwao wa Paris, mashariki mwa uwanja, tarehe 18 Juni 1815. Niliona fahari kwa usahihi huo. Nilikuwa nimeupima kwa tepu na saa.

Raundi ya pili

Namkumbuka mchezaji aliyeshika Napoleon kwa mikono yake. Vibao vinne vya Lobau, jenerali wa Ufaransa, vilikuwa vimekaa juu ya trei moja bapa karibu na La Belle Alliance, nyumba ya wageni katikati ya upande wa Wafaransa. Ni akiba ambayo wachezaji wengi huiacha hapohapo mpaka alasiri. Napoleon wetu aliiinua trei kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji, akaisogeza sentimita 20 kuelekea mashariki, akaiweka chini polepole. Kisha akafuata na vibao viwili vya Gadi Changa, sehemu ya Gadi, walinzi wa Napoleon. Kisha betri tatu za mizinga.

“Huko hakuna adui,” mmoja wa akina Wellington akamwambia.

“Atakuja.”

Tukacheka. Nami nilicheka, nikaandika harakati zile kwenye daftari langu. Saa ya mezani ilikuwa saa 6 kamili mchana. Kwenye uwanja wa kweli, saa hiyo hakukuwa na Mfaransa aliyekuwa na habari yoyote ya kwenda kumpiga mtu huko.

Kufikia raundi ya 6 alikuwa amekwisha jipanga. Gadi Changa ilikuwa ndani ya nyumba za Plancenoit, Lobau mbele yake kidogo, na betri zote tatu zimeelekezwa kwenye mdomo wa msitu kwa umbali wa sentimita 30. Raundi tano zilizobaki alizitumia kungoja.

Hesabu ya kilichofuata ni fupi na ya kikatili. Kanuni zetu zilisema jeshi la nyongeza linaingia mezani likiwa kwenye safu ya kutembea. Mizinga ikipiga safu nene ya namna hiyo inapata kwa 3 na kuendelea badala ya 4. Betri tatu, dadu nne kila moja: dadu 12. Theluthi mbili ya 12 ni 8. Kibao kinavunjika kikipigwa mara 4. Kwa hiyo kila raundi, kwa wastani, vibao viwili vilikuwa vinaondoka kabla havijageuka kuwa mstari wa kupigana. Raundi tatu vibao sita, na cha saba kikaliwa na bunduki. Bülow alianza na vibao 12 vya askari wa miguu. Kori iliyopoteza zaidi ya nusu inaondoka uwanjani. Hivyo ndivyo visanduku vilivyofungwa.

Kwa upande wa magharibi nako hakukuwa na la kusifia. Mfaransa aliyekwisha toa Lobau, Gadi Changa na betri tatu hana nguvu ya kuvunja kilima cha Mont-Saint-Jean alikosimama Wellington. D'Erlon, jenerali mwingine wa Ufaransa, alipanda, akarudishwa. Mwenzake Reille alizunguka Hougoumont kwa mbali, maana Napoleon wetu alijua pia kwamba shamba lile lilimeza watu wengi bure mwaka 1815, hakutaka hata kuligusa. Giza likaingia Wellington yuko kileleni. Sare. Mtu mmoja tu aliondoka akitabasamu.

Ubishi

Nilimwambia Napoleon wetu, mbele ya watu, kwamba ametumia elimu ambayo Napoleon hakuwa nayo. Nilidhani nimesema neno la mwisho.

“Bwana refa,” akanijibu, “karatasi yako inasema raundi ya 11. Ulitaka niisome halafu niisahau?”

Nikanyamaza. Hata angechana karatasi yangu bila kuisoma, jina la pambano lilikuwa limeandikwa juu, na hakuna anayepaka rangi askari wa 1815 asiyejua Waterloo iliishaje. Haya ndiyo matatizo ya michezo ya kihistoria kuliko michezo mingine yote ya vita mezani. Mtu anayecheza vita ya kubuni ya majoka na wachawi hajui kesho ya jeshi lake. Sisi tunakaa mezani tumekwisha soma ukurasa wa mwisho.

Basi nikaenda nyumbani, nikaandika kanuni mpya na kuwatumia wote: Lobau haruhusiwi kusogea kabla ya raundi ya 11. Rahisi. Nilijiona nimetibu ugonjwa.

Jibu lake lilikuwa swali moja: saa 7 mchana Napoleon aliona nini?

Alichokiona

Hapa nilichelewa kukubali, maana jibu nililijua na sikuwahi kuliweka mahali pake.

Karibu na saa 7 mchana, kabla d'Erlon hajaanza kupanda, Napoleon na maofisa wake waliona kitu cheusi kwenye vilima vya Chapelle-Saint-Lambert, kilomita kadhaa upande wa mashariki. Wengine walisema ni miti, wengine wakasema ni askari. Muda si mrefu akaletwa mateka, mpanda farasi wa Prussia aliyekamatwa na barua. Barua ile ilieleza kwamba Bülow anakuja. Soult, mnadhimu mkuu, alikuwa na barua ya kumpelekea Grouchy, jemadari wa Ufaransa aliyekuwa mbali na uwanja. Ikaongezwa maneno mwishoni kumwambia kwamba Bülow anaelekea kutushambulia ubavu wa kulia, usipoteze dakika, njoo. Wapanda farasi wa Domon na Subervie wakatumwa mashariki, na Lobau akawekwa nyuma yao kuwaunga mkono. Wanahistoria bado wanavutana Lobau alisogea saa ngapi hasa. Wengi hukubali kwamba saa 10:30 jioni hakukutwa usingizini.

Kwa maneno mengine, kwenye raundi ya 4 ya meza yangu Napoleon wa kweli alikwisha jua. Kanuni yangu mpya ilikuwa inamfunga mchezaji mpaka raundi ya 11, inamtwisha ujinga ambao hata mwenyewe aliyeshindwa hakuwa nao. Mchezaji wangu alikuwa ametangulia kwa raundi mbili tu. Raundi mbili ni saa moja.

Sasa kama alijua, kwa nini aliendelea kupigana? Hili ndilo swali nililopaswa kuanza nalo kabla sijashika kalamu. Aliendelea kwa sababu hakujua mambo mawili mengine. Hakujua ni wangapi. Bülow peke yake alikuwa na watu kama 30,000, lakini nyuma yake kulikuwa na kori nyingine mbili njiani, ya Pirch na ya Zieten. Na hakujua Grouchy yuko wapi. Alikuwa amempa watu kama 33,000 wawafuate Waprussia baada ya kuwashinda Ligny tarehe 16 Juni. Kama Grouchy yuko nyuma tu ya Bülow, basi Bülow ni kuku kati ya mikono miwili, na ushindi wa mchana ule ungekuwa mkubwa kuliko wote. Kama hayuko, ni hatari tupu. Kutoka La Belle Alliance, kwa darubini, majibu yote mawili yana sura moja: safu za watu wenye makoti ya buluu.

Anayepaka rangi ataelewa upesi. Buluu ya Ufaransa na buluu ya Prussia kwenye milimita 6 ni kopo moja, tofauti yake ni tone la nyeusi. Mimi huwatenganisha kwa kofia: Mprussia nampa kofia yenye ganda jeusi la kuzuia mvua, na suruali ya kijivu. Ukirudi hatua mbili kutoka mezani huoni tena. Hata wenyewe walikoseana: jioni ile askari wa Zieten walipofika upande wa Papelotte waliwafyatulia risasi askari wa Nassau waliokuwa washirika wao, wakidhani ni Wafaransa. Na kabla Gadi haijapelekwa kushambulia kwa mara ya mwisho, kama saa 1 jioni, Napoleon aliamuru ienezwe habari kwenye mstari kwamba waliotokea mashariki ni Grouchy. Msaidizi wake La Bédoyère akapita na farasi akiieneza. Ilikuwa uongo, na aliyeutoa alijua. Lakini uongo huo ulifanya kazi kwa dakika kadhaa kwa sababu ulikuwa unawezekana. Grouchy alikuwa mjini Wavre, kilomita kumi na kitu, akipigana na kori ya Thielmann wa Prussia.

Nikaitazama upya karatasi yangu. Nilikuwa nimejaribu kuficha kwamba kuna watu wanakuja, jambo ambalo halikuwa siri. Na kilichokuwa siri kweli, ni akina nani na ni wangapi, nilikuwa nimekiandika kwa herufi nzito.

Dadu hazitoshi

Mmoja wa akina Wellington alipendekeza njia inayotumika sana: Waprussia waje kwa dadu. Raundi ya 9 wanaingia ukipata 6, ya 10 ukipata 5 au 6, ya 11 kuanzia 4, na kuendelea hivyo mpaka ya 14 ambapo lazima waingie. Niliipigia hesabu. Uwezekano wa kuingia raundi ya 9 ni karibu asilimia 17. Ya 10 ni 28. Ya 11 ni 28 tena. Ya 12 ni 18 au 19. Ya 13 karibu 8. Ya 14 kama 1 na nusu. Mkunjo mzuri kabisa, na kilele chake kiko palepale kwenye historia.

Lakini mpe Napoleon wetu mkunjo huo aone atafanya nini. Atapeleka betri zake kwenye mdomo wa msitu raundi ya 2 kama kawaida, maana saa wanayokuja haimsumbui. Kinachompa nguvu ni kujua mlango wanaoingilia, jina lao, na kwamba wao ni adui. Dadu za kuchelewesha zinamtesa mchezaji wa Prussia peke yake: sasa hata saa ya kuanza kucheza haijui. Nazitumia kwenye michezo mingine, na sizikatai. Kwa kisa hiki zilikuwa dawa ya kichwa kwa mtu anayeumwa mguu.

Kuna njia ya pili, ya kubadilisha jina. Unaigeuza ramani kama kwenye kioo, unasema ni mwaka 1813, unampa Napoleon jeshi la Austria kuwa adui wake. Nimewahi kuifanya na mtu akaenda mpaka raundi ya 8 hajagundua. Ni raha, ila inataka wachezaji wasiojua unacheza nao mchezo gani, na meza yangu watu walikuwa wamekwisha ijua kila kijiti. Isitoshe, mtu aliyepaka rangi Wellington wake kwa miezi hataki kusikia kwamba leo yeye ni Mwaustria.

Mzee Müffling

Nilipokwama nilirudi nyuma kuliko 1815, au tuseme mbele yake kidogo. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prussia aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa vita wa kufundishia maofisa: ramani ya 1 kwa 8,000, vipande vidogo badala ya vikosi, zamu ya dakika 2, dadu, na refa anayeona kila kitu. Wachezaji hawakuona kila kitu. Kamanda aliandika amri, refa akahesabu mjumbe atachukua muda gani kufika, na kipande cha adui kiliwekwa kwenye ramani pale tu ambapo mtu angeweza kukiona. Aliyeupenda mchezo huo na kuupendekeza kwa jeshi zima alikuwa mnadhimu mkuu wa Prussia, Müffling.

Müffling huyohuyo, miaka tisa kabla, alikaa siku nzima ya Waterloo upande wa Wellington akiwa afisa wa mawasiliano wa Prussia, akitazama mashariki kuona wenzake wanafika lini. Sina ushahidi kwamba alipoutazama mchezo wa Reisswitz alikumbuka msitu ule. Ningekuwa mimi ningekumbuka.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kimekwisha buniwa miaka 200 iliyopita, nasi tulikiacha njiani kwa sababu askari waliopakwa rangi ni wazuri kutazamwa, na kizuri hakifichwi.

Bahasha na vibao vitupu

Mpango wa pili ulikuwa hivi. Kabla ya mchezo refa anarusha dadu moja peke yake na kuweka karatasi ndani ya bahasha. Ikitoka 1, Bülow anakuja na brigedi mbili tu, nyingine zimekwama kwenye matope ya bonde la Lasne mpaka usiku. Ikitoka 2, 3 au 4, ni historia: Bülow wote, kisha Pirch, na Zieten kaskazini. Ikitoka 5, Bülow anakuja lakini raundi mbili baadaye sehemu ya jeshi la Grouchy inatokea mgongoni mwake. Ikitoka 6, wanaotokea ni Grouchy mwenyewe.

Hiyo 6 iliniletea kelele. Hoja yangu ni kwamba usiku wa tarehe 16, Blücher, kamanda wa Waprussia, akiwa ameumia baada ya farasi wake kumwangukia, mnadhimu wake Gneisenau ndiye aliyeamua jeshi lirudi kaskazini kuelekea Wavre badala ya mashariki kuelekea Liège. Wangekwenda mashariki, Wellington angebaki peke yake. Nafasi moja kati ya sita kwa uamuzi wa usiku mmoja siioni kubwa. Mwenye Wellington alinijibu kwamba Wellington alisimama Mont-Saint-Jean kwa sababu tu aliahidiwa na Blücher atakuja. Bila ahadi asingesimama. Ana haki. Nimeibakiza 6, ila nikiulizwa kama ni historia sahihi nabadilisha mazungumzo.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni vibao. Raundi ya 4, saa 7 mchana, vibao sita vitupu vilivyopakwa buluu tu vinawekwa ukingoni mashariki. Juu yake hakuna askari. Mchezaji wa mashariki, sikumwita tena wa Prussia, ndiye peke yake anayeiona bahasha, na anavisogeza kila raundi. Vingine vina namba upande wa chini, vingine havina kitu kabisa: ni vumbi, ni miti, ni woga. Kibao kinageuzwa pale tu wapanda farasi wa adui wanapofika sentimita 20 kutoka kwake, yaani mita 500, au kinapoanza kupigana. Kwa hiyo Domon na Subervie, ambao kwenye mchezo wa kwanza walikuwa mapambo, sasa wana kazi ileile waliyopewa 1815: nendeni mkaone.

Na yule aliyekaa saa tatu na dakika ishirini akisubiri, sasa anaanza kucheza saa moja baada ya wengine.

Marudio

Alikubali kurudi. Nilimwonyesha bahasha, akaisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Uso wake haukusema kitu. Hatukujua kwamba ana uso wa namna hiyo.

Ilikuwa namba 1.

Raundi ya 2 Napoleon wetu hakuigusa trei ya Lobau. Aliiangalia. Raundi ya 4 vibao vitupu vilipotokea, aliviangalia hivyo kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyotumia kwa mambo yote mengine ya asubuhi ile. Akatuma wapanda farasi. Mchezaji wa mashariki akarudisha vibao viwili nyuma sentimita 5, jambo ambalo mtu asiye na kitu hafanyi, au hufanya mtu asiye na kitu anayejua kwamba utafikiri hivyo. Raundi ya 7 Domon alifika sentimita 20 kutoka kibao cha kwanza. Kikageuzwa: brigedi ya Bülow, vibao vitatu vikashuka mezani. Waprussia basi. Bila kungoja kibao cha pili, Lobau akaondoka na Gadi Changa nyuma yake, na raundi ya 9 Gadi ya Kati nayo ikaanza kutazamwa.

Mashariki alikuwa na brigedi mbili tu. Vibao vingine vinne havikuwa na kitu. Alivitembeza kwa ustadi, akiviweka nyuma ya miinuko, nje ya sentimita 20, mara huku mara kule, na kwa brigedi hizo mbili na hewa tupu aliwashika Wafaransa vibao kumi mpaka raundi ya 16. La Haye Sainte ilianguka saa 12:30 jioni, karibu sana na wakati wake wa kweli, lakini kilichobaki cha kupanda kilima kilikuwa kidogo. Wellington alishinda kwa kubana. Napoleon wetu alipoona kibao cha mwisho kinageuzwa na upande wa pili ni rangi tupu, aliweka tepu chini, akauliza: “Na hiki tangu lini?”

“Tangu saa 7 mchana.”

Yasiyokaa sawa

Mmoja wetu hakufurahi. Ana Waprussia zaidi ya 400 aliowapaka kwa mkono wake, na alikuja kuona Waterloo, si kuona mbao za buluu zikitembea. Aliniambia kwamba kama Bülow anaweza kuja na nusu ya watu wake, basi tunacheza kitu kingine kilichoazima jina. Simwoni amekosea kabisa. Kuna mchezo wa kutazama na mchezo wa kuamua, na kwenye meza moja ni vigumu kuvipata vyote viwili. Mimi nachagua kuamua. Yeye anachagua kutazama, na askari wake ni wazuri kuliko wangu.

Bahasha inataka refa asiyecheza, na klabu ndogo haina mtu wa kumpoteza. Kwa watu wawili nyumbani nimejaribu karatasi sita zilizokunjwa ndani ya kikombe: mwenye Wellington anachota moja, anaisoma peke yake, na yeye ndiye anayesogeza vibao vitupu. Inafanya kazi, ila namba 6 inabidi itolewe, kwa maana atakuwa anajiletea adui mwenyewe na uso utamsaliti raundi ya 5.

Halafu kuna tundu ambalo sikuliona mpaka tulipokuwa tunafungasha. Napoleon wetu aliinama, akanyoosha kidole chini ya meza, akasema: “Visanduku viwili, vyote vya Prussia. Cha Grouchy hakipo. Nilijua si 6 kabla hatujaanza.”

Ni kweli. Bahasha nilikuwa nimeifunga kwa gundi, na jibu nusu yake lilikuwa limekaa sakafuni tangu asubuhi. Kuanzia sasa kisanduku cha Grouchy kitakuja kila mara, kikiwa na kazi au hakina. Kwanza lakini lazima kuwe na cha kutia ndani: vibao sita, askari 144, na mpaka leo wamefika rangi ya kwanza tu.